Pikipiki Bubu kwenye Njia ya Mahurunga

Kila wiki kuna mtu anayesimama mlangoni pa kibanda changu cha ushonaji pale Mtawanya, anaitazama pikipiki yangu ya umeme, anakipigapiga kiti chake kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, halafu ananiuliza, "Hii kwa chaji moja inafika wapi?" Nimechoka kujibu. Zamani nilijibu kwa adabu, siku hizi najibu huku nimebana pini mdomoni, na sasa naandika ili kila atakayeuliza nimpe asome mwenyewe. Inafika. Lakini inategemea unakwenda wapi, umembeba nani, na nani anakusubiri huko.

Muuzaji aliniambia kilomita mia. Aliniambia akiwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, feni inampuliza shingoni. Kwa muda mrefu sikuwa na sababu ya kumbishia, maana safari zangu ni kupeleka sare za shule Shangani, mapazia Mikindani, kisha kurudi nyumbani kuchomeka waya ukutani. Mjini haijawahi kunitia aibu. Haina kelele, haina gia za kunisumbua, haina moshi wa kunichafulia vitambaa vyeupe. Nilikuwa naisifia mpaka majirani wakiniona naanza wanakumbuka wameacha chungu motoni.

Kilichonitoa mjini ni mdogo wangu Sofia. Alikuwa amelazwa hospitali akisubiri kujifungua kwa upasuaji, na tarehe tuliyopewa ilikuwa bado. Asubuhi hiyo nimempelekea uji, nikamkuta daktari ameshapita na kusema haingojeki tena, kesho asubuhi anaingia. Sofia akanishika mkono, akaubana.

"Dada, kaniletee Mama. Siingii kule Mama hayupo."

Sikumwambia aache utoto. Mimba yake ya kwanza alijifungua Mama akiwa kijijini, amekosa usafiri, na mtoto yule hakulia. Hakuna aliyemlaumu Mama, wala Sofia hakumlaumu, ila tangu siku hiyo aliapa kwamba hatazaa tena bila mkono wa Mama kuwa ndani ya mkono wake. Mimi ni nani nimvunjie kiapo hicho?

Mama anakaa kijijini kwetu, mbele ya Mahurunga, kule Ruvuma inakoanza kujigawa kwenye mikoko kabla ya kuingia baharini. Kumpigia simu ni kazi bure. Mtandao wa ng'ambo ya mto una nguvu kuliko wetu, simu inakukaribisha Msumbiji wakati umekaa barazani kwako unachambua mchele, na salio linaondoka bila kuaga. Mama alichoka na karibu hizo, akaizima simu, akaifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Kwenye gari anatapika mpaka anazimia. Bodaboda wa kiume asiyemjua baba yake hapandi. Kwa hiyo tulibaki mimi na pikipiki yangu, maana za gia sijui kuendesha na sikuwa na siku ya kujifunza.

Saa tatu asubuhi niliondoka Mtawanya, kioo kinaonyesha chaji mia kwa mia. Hesabu yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili. Kijijini kwetu hata kilomita hamsini hazifiki. Kwenda na kurudi ni chini ya mia. Muuzaji amesema mia. Nikafunga helmeti, nikaweka chaja kwenye kikapu cha mbele kwa tahadhari tu, nikamwambia jirani yangu anifungie kibanda mchana, mimi jioni nipo.

Kwenye lami mambo yalikuwa mazuri. Niliwapungia mkono watu nisiowajua. Kwa kuwa barabara ilikuwa nyeupe na mimi nina haraka, nilikaza mkono mpaka mwisho, kitu ambacho mjini sikifanyi kwa sababu ya matuta na watoto wa shule. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwendo wenyewe unakunywa chaji. Nilipoangalia kioo nilikuta namba imeshuka kuliko nilivyotegemea, nikakipiga kwa kidole, nikidhani kimeganda. Hakikuwa kimeganda.

Penye njia panda ya Madimba lami niliyokuwa nayo iliniaga. Kushoto ndiko kunakochimbwa gesi, ile ambayo tunaambiwa inawasha taa za nchi nzima. Mimi nilikunja kwenda kwetu, kwenye kokoto na mashimo, upepo wa uso umeanza kunisukuma kifuani, namba inashuka huku naiona. Ukipanda kilima inashuka. Ukishuka kilima inasimama kidogo, unashukuru Mungu, halafu inashuka tena. Nilianza kuongea nayo kwa sauti. "Tulia basi. Tulia, mwanaizaya wewe." Wanawake wawili waliokuwa wakiokota kuni kando ya mikorosho waliacha kuokota wakanitazama. Walimwona mwanamke amepanda pikipiki isiyo na mlio, anaigombeza.

Kabla ya Mahurunga nilikuwa nimetumia zaidi ya nusu, na kipande kibaya cha njia kilikuwa bado kiko mbele. Nikasimama kwenye duka moja la kando ya barabara lililokuwa na nguzo ya umeme uani. Mwenye duka, mwanamke mnene mcheshi ambaye wateja walikuwa wakimwita Mama Latifa, alinisikiliza nikiomba soketi, akazunguka pikipiki mara mbili.

"Inakula sana?"

"Si sana, dada. Kama friji hivi."

"Friji langu lenyewe nalizima usiku," akasema. "Haya, chomeka. Lakini nachomoa friji kwanza, wakigombana humo ndani mita itazima yote."

Akachomoa friji, akanipa kigoda na chai ya tangawizi. Nikachomeka. Kwenye chaja kikawaka kitaa chekundu, moyo ukatulia. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo muuzaji hakulitaja akiwa kwenye feni yake: kuijaza pikipiki hii ni kazi ya usiku mzima. Nilimaliza chai, nikala andazi, nikasikiliza habari zote za binti yake Latifa aliyeolewa Newala na mama mkwe asiyependa muhogo, na namba ilikuwa imepanda kwa kiasi cha kuchekesha. Nikaomba andazi la pili. Halafu kitaa chekundu kikazima.

"Umekatika," Mama Latifa akasema, bila hata kugeuka kuangalia. "Ukirudi utapita, huenda umeme utakuwa upo."

Nilitaka kulia kwa hasira. Kumkasirikia nani sasa? Nikakunja waya, nikashukuru, nikaondoka.

Baada ya Mahurunga njia yetu ni mchanga. Nimezaliwa kwenye mchanga huo, nimeukimbia peku utotoni, sikuwahi kuuona kama adui. Siku hiyo niliuona. Gurudumu la nyuma linazunguka pale pale linachimba, pikipiki haisogei, lakini chaji inaondoka kana kwamba tunakwenda Masasi. Nilishuka, nikaisukuma. Pikipiki hii ina uzito wa betri, nyie hamjui. Nilisukuma, nikapanda, nikazama, nikashuka tena. Jasho limeingia machoni, viatu vimejaa mchanga, na kila nikimkumbuka Sofia akinibana mkono nasukuma kwa nguvu zaidi. Nilipokiona kisima cha kijiji chaji ilikuwa imebaki thuluthi na kidogo. Nikapiga moyo konde: nitafika kwa Mama, nitachomeka ukutani kwake wakati anafungasha, tutajua mbele ya safari.

Kwenye kona ya mwisho nikaona uwanja wa kwetu umejaa watu. Wanaume wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Moshi mzito unapanda nyuma ya nyumba. Wanawake wamejitanda kanga, wanapita na masufuria. Watu hawajai hivyo kwenye uwanja wa mwanamke anayeishi peke yake na hana sherehe. Simu ameizima, sijaongea naye muda, na Sofia anamsubiri. Sikufikiri. Nilikaza mkono nikapita katikati ya uwanja juu ya pikipiki, naita "Mama! Mama!" na kwa kuwa chombo chenyewe hakina mlio, watu walishtukia gurudumu liko pembeni ya mkeka wao. Mzee mmoja alirusha kahawa yake.

Mama akatokea nyuma ya nyumba ya jirani, mwiko mkononi, mzima wa afya.

"Mwanaidi! Unapiga mayowe gani msibani kwa watu?"

"Nani kafa?"

"Bi Somoe, mwanangu. Tumemzika jana."

Nikakaa juu ya pikipiki sijui nilie au nicheke. Bi Somoe alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta na shoga wa Mama tangu ujana wao, ndiyo maana uwanja wetu na wake vilikuwa msiba mmoja. Ndiye kungwi aliyetufunda mimi na Sofia, na wasichana wengine wa kijiji kile hata siwezi kuwahesabu. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Ukimkuta anapepeta mchele atakwambia kaa hapa, halafu hatakuuliza kitu mpaka useme mwenyewe kilichokuleta. Sofia alipompoteza yule mtoto wa kwanza, kwa Bi Somoe ndiko alikokwenda kukaa, akarudi mjini anakula.

Nilikuwa bado nimekaa juu ya kiti, na hilo ndilo kosa ambalo mtu wa kwetu halifanyi. Kwetu huingii msibani ukiwa juu ya chombo. Unashuka mbali, unakiegesha kwa mtu, unakuja kuhani kwa miguu. Sababu moja ni heshima. Sababu nyingine ni watani. Sisi Wamakonde watani wetu pale ni Wamakua, na mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza anavyotembea na anavyokohoa, atamchekesha mfiwa mpaka mfiwa ajione ana dhambi. Na chochote kitakachoingia uwanjani bila adabu atakikamata, mpaka mwenyewe akikomboe. Juu ya yote hayo, huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, ukombozi unapanda.

Najua yote haya tangu sijaota meno. Lakini nilikuwa namtafuta mama yangu.

"Simama hapo hapo!" Aliyesema hivyo ni Zainabu, mwanamke wa Kimakua wa rika langu, tuliyecheza naye rede. Alikuwa amevaa kanga za Bi Somoe, miwani ya Bi Somoe iliyofungwa uzi masikioni, amejipinda mgongo, anakongoja. Akaizunguka pikipiki, akaiwekea sikio kwenye tangi, pale ambapo kwenye pikipiki za watu huwa kuna mafuta.

"Ee, hii nayo imefiwa? Mbona haisemi?"

"Imelia mpaka sauti imekauka," akajibu kaka yake Selemani, ambaye alikuwa ameshashika usukani.

"Basi ni mfiwa mwenzetu. Mfiwa hakai na watu wa mjini. Shuka, mwanangu, umwache mwenzio aomboleze."

Uwanja mzima ukacheka, hata yule mzee wa kahawa. Nikashuka. Nilitabasamu kwa meno yote, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni, na ndani nilikuwa nachemka.

"Zainabu, leo nina mgonjwa. Kweli."

"Kila anayekamatwa ana mgonjwa," akasema kwa sauti ya Bi Somoe. "Jana mwenye baiskeli alikuwa na wagonjwa watatu, na mmoja alikuwa yeye mwenyewe."

Selemani akapanda, Zainabu akakaa nyuma amejishikilia kiuno, wakaanza kuzunguka uwanja. "Bi Somoe anakwenda mjini!" wanawake wakapiga vigelegele. Halafu watani wakagundua kwamba pikipiki inabeba. Wakaifunga madumu ya maji, Selemani akaenda kisimani, akarudi, akaenda tena. Kile kisima niliwaambia kiko kwenye mchanga. Nilisimama pale natabasamu huku naiona akilini ile namba ikishuka, dumu baada ya dumu, na kila dumu ni kipande cha njia ya kumfikisha Mama kwa Sofia.

Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa anakoroga mchuzi kwenye sufuria la kukaa mtoto. Nikamwambia pale pale, kwenye moshi. Mwiko ukasimama.

"Kesho?"

"Kesho asubuhi, Mama. Amesema haingii bila wewe."

Hakusema lolote kuhusu gari wala kutapika. Alimpa mwiko mwanamke wa jirani, akanawa mikono, akaenda kwa kaka wa marehemu kuomba ruhusa, maana khitma ilikuwa kesho yake na yeye ndiye mshika jiko. Nilimwona yule mzee akitikisa kichwa kukubali na kumshika bega. Nikaenda ukutani kwa Mama kutafuta soketi, angalau nipate mahali pa kuanzia. Soketi ipo. Luku imeisha uniti tangu wiki iliyopita, na anayeuziwa uniti kwa simu, simu yake iko kabatini inakaribishwa Msumbiji. Nikakaa kitandani kwa Mama nikaupiga mto ngumi.

Nilipotoka, Mama alikuwa amesimama katikati ya njia ya kisimani, mikono miwili kiunoni, na Selemani amefunga breki mbele yake, Zainabu nyuma na madumu mawili.

"Zainabu," Mama akasema. "Sofia anapasuliwa kesho. Nataka kwenda kwa mwanangu."

Kicheko kikakatika. Mama hana utani kwenye uso wake, hajawahi kuwa nao. Zainabu akashuka, akashusha madumu moja moja. Nilidhani atavua ile miwani aombe radhi. Hakuivua. Akajipinda tena mgongo, akaniangalia mimi, si Mama, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bi Somoe hasa, ile ya chini chini ya kwenye mchele.

"Mimi nimekwenda zangu. Nimefunda watoto wa watu kijiji kizima, na hakuna hata mmoja anayeitwa mimi. Chukueni pikipiki yenu. Sitaki hela, sitaki mbuzi. Mtoto wa Sofia akiwa wa kike, nataka aitwe Somoe. Huo ndio ukombozi."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kulia kwa sauti.

Kipimo cha hospitali kilishasema ni wa kike. Na jina lilishachaguliwa. Sofia na mumewe, ambaye kazi imemweka Masasi, walilichagua zamani: Nasra. Nalijua vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelidarizi kwenye shali la kumpokelea mtoto, uzi wa rangi ya waridi, herufi zimekaa sawasawa, na shali limekunjwa kwenye mkoba wa Sofia pale wodini. Nikaangalia kioo cha pikipiki. Chaji ilikuwa imebaki chini ya robo.

"Nimekubali," nikasema.

Jua lilikuwa limeshapinduka tulipoanza kurudi. Na bado tulichelewa, kwa sababu Mama alitoka ndani na kikapu cha unga wa muhogo, ndizi mbichi, na jogoo aliyefungwa miguu.

"Mama, kila kilo inakula chaji."

"Sofia atakunywa supu ya nini? Ya chaji?"

Jogoo akapanda. Lakini watani hawakutuacha. Zainabu alivua miwani, akaikunja kwenye upindo wa kanga, akakamata kiti upande wa kushoto, Selemani upande wa kulia, na wengine nyuma. Walituzimia kabisa mota, wakatusukuma mimi na Mama na jogoo juu, kwenye mchanga wote ule ulionitesa asubuhi, wakiimba nyimbo za kumtukana mwenye pikipiki. Maneno siwezi kuyaandika hapa. Mama alikuwa anacheka nyuma yangu, mara ya kwanza siku hiyo, nilihisi tumbo lake likitikisika mgongoni kwangu. Mchanga ulipoisha wakasimama, wanahema.

"Jina letu usilimwage njiani," Zainabu akaniambia.

Kwenye barabara ya kokoto nikaanza kukimbia kama kawaida yangu. Mama akanigonga bega.

"Unakimbilia wapi? Si umesema inaisha?"

"Ndiyo maana nawahi, kabla haijaisha!"

"Nenda polepole, Mwanaidi. Tumbo langu."

Nikaenda polepole kwa ajili ya tumbo lake tu, nimenuna. Baiskeli moja ilitupita. Lakini namba kwenye kioo, ambayo asubuhi ilikuwa inaporomoka, ikaanza kusita. Tulikwenda, tukakwenda, haijashuka. Nilikasirika zaidi. Asubuhi yote nilikuwa naimwaga chaji mwenyewe kwa mkono wangu, na aliyenionyesha ni jogoo na mama anayeogopa kutapika.

Tulipofika kwa Mama Latifa umeme ulikuwa umerudi. Friji likachomolewa tena, tukachomeka, na safari hii tulikaa mpaka vivuli vya mikorosho vikalala barabarani. Mama alikunywa chai, akatazama kitaa chekundu.

"Mama," nikasema, "Sofia asiambiwe leo. Kuhusu Bi Somoe."

"Hataambiwa. Akishatoka salama."

"Na jina?"

Alipuliza chai yake kwanza. "Jina umelitoa wewe. Utalisema wewe."

Hayo ndiyo niliyoyabeba kutoka pale mpaka mjini, na nawahakikishieni yalikuwa mazito kuliko jogoo. Nitamwambiaje? Mdogo wangu, nilikuwa nimekamatiwa pikipiki, nikamtoa mwanao?

Pale mwanzo wa Mtawanya, taa za maduka zimeanza kuwaka, kwenye kile kimlima ambacho kila siku nakipanda bila kukiona, pikipiki ilipunguza, ikapunguza, ikasimama. Kioo kikawa cheusi. Kwa hiyo jibu la swali lenu ni hili, na msiniulize tena: inafika Mahurunga na kurudi Mtawanya, ukienda mwendo wa harusi, ukiomba soketi njiani, ukipata watani wa kukusukuma mchangani, na bado utashuka ukamilishe kwa bajaji. Ile mia ya muuzaji ni ya mtu mmoja mwembamba, kwenye lami, bila upepo, bila mama. Niliisukumia uani kwa jirani nikaiacha, sikutaka hata kuiangalia. Kwenye bajaji Mama alitapika mara moja tu, akafuta mdomo, akasema twende.

Wodini walikuwa wameshaanza kutoa wageni. Nesi alitaka kutuzuia, akaona Mama alivyoshika kikapu, akajifanya hajatuona. Sofia alikuwa amelala ametazama mlango. Mama akakaa kitandani, akampa mkono, na Sofia akajificha uso kwenye kanga ya Mama, akakaa hivyo muda mrefu, anavuta pumzi.

Asubuhi Mama, aliyeachiwa kulala naye wodini, alimsindikiza kando ya kitanda cha magurudumu mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, mkono ndani ya mkono, mpaka walipomwambia basi, mama, hapa mwisho. Tukakaa kwenye benchi. Mama alikuwa anavuta uradi kwa vidole. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba na lile shali, natengeneza sentensi kichwani na kuzivunja. Halafu nyuma ya mlango mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, kwa ugomvi, na Mama akaweka viganja vyote viwili usoni.

Walipotuingiza, Sofia alikuwa mchovu, midomo imekauka, mtoto yuko kifuani kwake. Nikaanza kusema hongera. Akanikatiza.

"Dada, jana kanga ya Mama ilikuwa inanuka moshi wa jiko la msiba. Nimeuvuta usiku kucha. Nani?"

Nikamwangalia Mama. Mama akamwangalia mtoto.

"Bi Somoe," nikasema.

Sofia akafumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni, hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa imemshika mtoto. Sentensi zangu zote za kwenye benchi zikanikimbia. Nilifungua mdomo nimwambie habari ya watani, na madumu, na kisima, na jinsi nilivyokuwa sina njia nyingine, na yeye akatangulia.

"Lile shali. Umeshaandika jina?"

"Nimeandika Nasra. Si ndivyo ulivyoniagiza?"

"Mkasi unao?"

"Ninao."

"Fumua," akasema. "Baba yake nitamwambia mimi."

Nikakaa kwenye kiti cha dirishani, nikatoa mkasi mdogo. Ule uzi nilikuwa nimeupitisha maradufu na kuukaza kila herufi ili usitoke hata kwa kufuliwa miaka mingi, na nilijilaani kwa kila mshono, mpaka jua likawa katikati.